HODI MPAKANI
Habari za ruhusa ya kupita katika nchi za watu, tangu siku za hongo hata siku za pasipoti



Mtu mwenye adabu hafiki mlangoni pa mwenzake akaingia kimya. Husimama nje, akapiga hodi, akangoja. Akisikia "Karibu", ndipo avukapo kizingiti. Na mwenye nyumba, akiisha kusema neno lile, amejifunga: yampasa kumpa mgeni maji, mahali pa kukaa na amani. Hodi na karibu ni mapatano ya watu wawili, na kila mmoja ana haki yake na wajibu wake.

Nchi nazo zina milango, na wasafiri tangu kale wamepiga hodi kwa njia mbalimbali: kwa nguo na shanga, kwa fedha, na sasa kwa vitabu vyenye picha na mihuri. Leo nataka kuwaeleza habari hizo kwa kufuata njia moja tunayoijua sana, nayo ni njia ipitayo Ilula, katika nchi ya Wahehe. Simama kando ya barabara pale Ilula, penye makapu ya nyanya, utaona malori yakitoka Dar es Salaam na kupanda kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma, na kutoka huko kuingia Zambia. Dereva wa lori lile amebeba karatasi nyingi. Je, wazee wetu waliopita na misafara walibeba nini?

HONGO

Walibeba hongo. Siku hizi neno hili lina sifa mbaya, kwa kuwa maana yake ni rushwa. Zamani maana yake ilikuwa ushuru wa njia, nao ulitolewa hadharani, mbele ya watu wote. Msafara ulipotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, sharti upite Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache. Visima vile vilikuwa na wenyewe. Mtemi alipeleka watu wake kuuliza: Ninyi ni nani? Mmebeba nini? Mwaenda wapi? Kisha mashauri yakaanza, na mara nyingine yalichukua siku kadhaa.

Malipo yalihesabiwa kwa doti, yaani shuka mbili, kadiri ya yadi 4 za nguo. Nguo iliyopendwa sana ni ile nyeupe iliyotoka Marekani, na ndiyo sababu hata leo yaitwa merikani. Pamoja nayo zilitolewa kaniki, shanga na nyaya za shaba. Waingereza Burton na Speke, waliosafiri 1857 na 1858, walilipa hongo Ugogo kama walivyolipa Waarabu na Wanyamwezi. Stanley alilipa pia mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Dakta Livingstone, na katika kitabu chake alinung'unika sana.

Walakini tutazame vema. Aliyelipa hongo alipata kitu. Alipata ruhusa ya kuteka maji, ya kununua mtama na mbuzi, na ya kupita pasipo kupigwa. Mtemi aliyekwisha kupokea nguo alikuwa amesema "Karibu". Hayo yalikuwa mapatano.

Sisemi kwamba desturi ile ilikuwa njema yote. Kiwango chake hakikuandikwa mahali popote, hata mwenye bunduki nyingi akalipa kidogo na mnyonge akalipa sana. Tena kila mtemi alitoza upya, hata msafara ukapunguka mali kabla ya kufika uendako. Na lililo baya kuliko yote, katika misafara ile walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Hao walivuka mipaka mingi, na hapana aliyewauliza kama wapenda kusafiri. Walihesabiwa pamoja na mizigo.

MLANGO WA WAHEHE

Sasa tuje kwetu. Katika miaka iliyofuata 1880 Mtwa Mkwawa alikuwa mkuu wa Wahehe, naye alikuwa na ngome yake Kalenga. Nguvu zake zilifika hata njia za misafara za Usagara na Ugogo. Misafara ilitozwa hongo, na iliyokataa ilishambuliwa.

Wakati huohuo Wadachi walikuwa wameingia pwani. Mwaka 1888 kampuni yao ilianza kushika forodha katika bandari za mrima zilizokuwa za Sultani wa Unguja. Watu wa pwani walipoona mlango wa nchi yao umeshikwa na wageni pasipo shauri lao, wakapigana, na vita vile twavijua kwa jina la Abushiri. Tangu tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe ikaitawala nchi. Ilitaka njia za bara ziwe wazi na watemi waache kutoza. Mkwawa hakukubali.

Basi mwaka ule wa 1891 jeshi la Wadachi likapanda kuja Uhehe, likiongozwa na Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Hawakupiga hodi. Walikuja wakichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, kati ya Ilula na Iringa, Wahehe waliokuwa wamejificha wakawaangukia. Zelewski akauawa pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Kaburi la ukumbusho lipo Lugalo hata leo, na wapitao barabarani hulipita bila kujua kwamba vita vile vilikuwa pia vita vya mlango: ni nani mwenye haki ya kusema karibu, na ni nani wa kusema usipite.

Jibu lilikuja kwa mizinga. Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajiua kwa bunduki ili asishikwe. Hongo ya watemi ikakoma. Mahali pake zikaja forodha za serikali, na tangu 1898 kodi ya nyumba.

MSTARI KATIKA RAMANI

Kabla ya hayo mlango mwingine ulikuwa umekwisha kujengwa mbali na macho yetu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mstari ulifuata mto Songwe, kisha ukaendelea kuelekea magharibi. Mwaka 1898 wakaja wapimaji kuutia alama katika ardhi.

Waliokaa pale hawakuulizwa. Wanyakyusa na Wangonde, ambao lugha zao ni jirani na ukoo wao ni mmoja, wakawa upande huu na upande huu wa Songwe. Wanyamwanga wakagawanyika, wengine Tunduma na wengine Nakonde. Mtu aliyekwenda kumjulia hali mjomba wake, kumbe amekwenda nchi ya kigeni!

KITABU KIDOGO

Hapo kwanza mstari ule haukuwazuia watu sana, kwa sababu hata Ulaya pasipoti haikutakwa katika nchi nyingi. Vita vya 1914 vilibadili mambo. Kila serikali iliogopa wapelelezi, ikataka kila mgeni aonyeshe karatasi ya kumtambulisha. Vita vikaisha, karatasi zikabaki. Mwezi wa Oktoba 1920 wajumbe wa mataifa walikutana Paris, wakakubaliana mfano mmoja wa pasipoti: kitabu chenye kurasa 32, upana wa sentimeta 10 na nusu na urefu wa 15 na nusu. Pasipoti za leo zingali zafanana nacho.

Mara ikaonekana kwamba asiye na kitabu hicho ni kama mtu asiye na kwao. Warusi wengi waliokimbia vita nchini mwao hawakuwa na serikali ya kuwaandikia. Kwa ajili hiyo, mwaka 1922, Nansen, mtu wa Norway, aliwatengenezea wakimbizi cheti maalumu kikakubaliwa na mataifa mengi. Tujifunze hapa: karatasi iliyobuniwa kuwazuia watu iliweza pia kuwaokoa.

Katika nyanda zetu za juu watu waliijua karatasi kwa njia nyingine. Vijana wa Rungwe na Mbeya walishuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko walitakiwa kuchukua cheti cha utambulisho kilichoitwa chitupa. Wengine waliandikishwa na Wenela, wakaenda hata migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Kijana alipata mshahara, akarudi na blanketi na baiskeli. Lakini kitabu chake kilimfunga kwa mwajiri, na alipokiacha alihesabiwa mkosaji. Hapo hodi ilipigwa na mmoja, na wajibu wote ukawa wake peke yake. Wakati wa uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika iliamua kukomesha uandikishaji wa watu kwenda migodi ya Afrika Kusini.

SWALI LA AFYA

Maswali ya mtemi wa kale yalikuwa matatu. Ulimwengu wa sasa umeongeza la nne: Je, una ugonjwa? Wasafiri wengi huudhika wanapotakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, wakaona ni usumbufu tu. Sababu yake ni hii. Ugonjwa ule huchukuliwa na mbu aumaye mchana, na mbu huyo yuko katika nchi nyingi ambazo ugonjwa wenyewe haupo. Akifika mgonjwa mmoja, mbu akamuuma, mji mzima waweza kuwaka moto. Tangu mapatano ya mataifa ya 1933, ndege zilipoanza kuvuka bara kwa siku chache, cheti hicho kimekuwa sehemu ya sheria za safari. Chanjo nzuri ilipatikana 1937. Zamani cheti kilidumu miaka 10; tangu 2016 chanjo moja yatosha maisha yote. Lakini sharti mtu achanjwe siku 10 kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti chake hakijaanza kufanya kazi.

Tena yafaa kujua kwamba sharti huondoka sababu yake ikiondoka. Zamani cheti cha ndui kilitakwa karibu kila mahali. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977, na 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Leo hapana akiulizaye cheti kile.

TUNDUMA YA SASA

Barabara ya Ilula ilipata maana mpya mwezi wa Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao peke yao. Zambia, iliyotegemea njia za kusini, ikatafuta bahari kwa upande wetu. Malori ya mafuta yakapita usiku na mchana katika barabara ya vumbi na matope, na madereva wengi wakapoteza maisha. Baadaye barabara ikatiwa lami, bomba la mafuta likalazwa, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975.

Njia ilikuwa wazi, ila mlango ulikuwa mwembamba. Pale Tunduma dereva alikaguliwa na maofisa wa Tanzania, kisha akavuka, akakaguliwa tena Nakonde, na foleni ikawa ya siku nyingi. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais wa nchi mbili, Magufuli na Lungu, walifungua kituo cha pamoja. Sasa maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja: atokaye Tanzania humaliza shughuli zake zote upande wa Nakonde, na atokaye Zambia humalizia Tunduma. Mgeni hupiga hodi mara moja. Hata hivyo mlango waweza kufungwa: Mei 2020, kwa sababu ya Korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache, na malori yakasimama.

NENO LA MWISHO

Basi, ewe kijana unayetaka kuona nchi za watu, nina maneno machache kwako.

La kwanza, omba pasipoti mapema, na jina lililomo liwe lilelile lililo katika vyeti vyako vyote. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi 6 mbele kabla ya kwisha muda wake. Uliza kama uendako wataka viza, na kwa kazi gani. Aliyeruhusiwa kutembea hakuruhusiwa kuajiriwa.

La pili, sema kweli juu ya mzigo wako, wala usibebe mfuko wa mtu usiyejua ndani yake mna nini.

La tatu, usimpe mtu kitabu chako akuwekee, hata akiwa mwajiri wako. Pasipoti ni mali ya serikali iliyokupa, na wewe ndiwe mtunzaji.

La nne, jihadhari na njia za panya. Yule apitaye porini usiku huona ameokoa fedha na muda. Walakini akidhulumiwa mshahara, akipigwa au akiugua huko aliko, ataogopa kwenda mbele ya hakimu, kwa kuwa neno la kwanza ataulizwa ni hili: uliingia kwa mlango gani? Ambaye hakupiga hodi hakuambiwa karibu, na ambaye hakuambiwa karibu, ni nani atakayejiona ana wajibu kwake?

Na ninyi mtakaokuwa maofisa wa mipaka siku moja, kumbukeni mtemi wa Ugogo. Alipokwisha kupokea doti zake, alitoa maji. Muhuri wako nao ni neno "karibu". Ukiisha kuupiga, mtu yule ni mgeni wako. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kamwene.