Mwaka Rupia Ilipopanda

Mwezi wa Februari mwaka 1920, Vita Kuu vikiwa vimekwisha na meli za biashara zimeanza tena kutia nanga Kilindini bila ya hofu, bei ya madini ya fedha katika soko la London ilifika peni 89 na nusu kwa wakia moja, kiwango ambacho hakijapata kuonekana kabla ya hapo. Na habari hiyo, ambayo mtu angedhani inawahusu masonara na matajiri wa Ulaya peke yao, iliparaganya hesabu za kila duka, kila shamba na kila kibarua kuanzia Mombasa hata pwani ya Ziwa Nyanza. Maana sarafu iliyokuwa ikizunguka mikononi mwa watu katika nchi hizi ilikuwa rupia ya Bara Hindi, kipande cha fedha halisi chenye uzito wa gramu 11 na zaidi, na fedha ilipopanda bei hivyo huko ng'ambo, rupia nayo ilipanda pamoja nayo, hata kama mwenye kuishika hakujua kwa nini.

Rupia haikuletwa na Waingereza. Biashara ya pwani yetu na Bombay ni ya kale kuliko dola yoyote ya Kizungu iliyopata kutawala huku, na katika masoko ya Unguja na Lamu rupia ilishindana miaka mingi na riale ya Maria Theresa, ile yenye tarehe ya 1780 isiyobadilika, na hata Sayyid Barghash alipopiga riale zake mwenyewe zenye tarehe ya Hijria 1299, wafanyabiashara waliendelea kuhesabu kwa rupia. Wadachi waliokuja Tanganyika walipiga rupia zao, na vita vilipowafungia njia za baharini walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, zenye sura ya ndovu na nyuma yake milima. Waingereza kwa upande wao walikubali desturi waliyoikuta, na mwaka 1905 wakaiwekea sheria: rupia 15 kwa pauni moja, yaani kila rupia shilingi moja na peni nne za Uingereza.

Kwa muda wa miaka kumi na zaidi sheria hiyo ilikaa bila ya mtu kuifikiri, kwa kuwa serikali ya Bara Hindi tangu mwaka 1893 ilikuwa imekwisha kuzuia watu kupeleka fedha zao kiwandani kupigiwa sarafu, na kwa hiyo rupia ilikuwa na thamani kupita madini yaliyomo ndani yake. Vita ndivyo vilivyoigeuza hali. Mataifa yaliinunua fedha kwa wingi, Bara Hindi ikauza bidhaa nyingi kwa majeshi ikadai kulipwa, na ilipofika mwisho wa mwaka 1919 madini yaliyomo katika rupia moja yalikuwa na bei kubwa kuliko shilingi na peni nne, ikawa kila mwezi kiwango kinasogezwa juu, mpaka kikapita shilingi mbili na nusu.

Hapa yafaa kusimama na kuitazama hesabu, kwa kuwa ndani yake ndimo ugomvi wote ulimozaliwa. Mlowezi wa Kizungu aliyekopa rupia 15,000 benki kabla ya vita alikuwa na deni la pauni 1,000. Kahawa yake, katani yake na kitani chake viliuzwa London kwa pauni. Rupia ilipofika shilingi mbili, deni lile lile, bila ya kukopa hata senti moja zaidi, likawa pauni 1,500. Alipaswa kusafirisha mazao kwa nusu nzima zaidi ili alipe kile alichokula zamani. Mabenki, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimdai, yalifaidika kwa kadiri ile ile, na aliyeingiza bidhaa kutoka Uingereza alinunua kwa rahisi. Basi walowezi, wakiongozwa na Lord Delamere, walipiga kelele kwamba rupia irudishwe kwenye shilingi na peni nne, na mabenki yakataka isirudi. Na Lord Milner, Waziri wa Makoloni, akakata shauri kwamba iwe shilingi mbili.

Kisha likaja jambo la kusikitisha kupita yote. Haukupita mwaka mmoja ila bei ya fedha ilianguka, rupia ya Bara Hindi ikarudi chini karibu na pale ilipoanzia, na kiwango cha Afrika Mashariki kikabaki juu kwa nguvu ya sheria. Mtu aliyenunua rupia Bombay kwa shilingi na peni nne na kuzivunja Mombasa kwa shilingi mbili alipata nusu ya mali yake kwa safari moja ya bahari. Serikali ikapiga marufuku kuingiza rupia, lakini ni nani awezaye kupekua kila jahazi na kila kifurushi katika pwani ambayo Unguja na Tanganyika, nchi jirani, zote zilikuwa zingali zikitumia rupia? Magendo yakashamiri, na hasara ikaiangukia Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwezi wa Desemba 1919, ambayo ilianza maisha yake na pengo lililochukua miaka thelathini kuzibwa.

Sarafu yenyewe ilibadilishwa jina mara mbili. Mwaka 1920 ililetwa florini, yenye kichwa cha Mfalme George upande mmoja na simba mbele ya milima upande wa pili, na kabla watu hawajaizoea, ikaondolewa, ikaja shilingi, florini moja kwa shilingi mbili. Mzee wa kijijini aliyeweka akiba yake ya rupia chungu kimoja chini ya ardhi, wala hakuna aliyemletea habari, alikuwa na muda mfupi wa kuzifikisha mahali zitakapopokewa kabla hazijawa mali isiyokubaliwa dukani.

Na kibarua je? Walowezi, walipokosa kuishinda serikali juu ya kiwango, waliitafuta nafuu mahali pengine, na mwaka 1921 wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Hoja yao ilikuwa na sura ya insafu: mshahara wa rupia sita, kwa kiwango cha zamani, ulikuwa shilingi nane za Uingereza, kwa kiwango kipya umekuwa shilingi kumi na mbili, basi ukiondoa theluthi unarudi kwenye nane zile zile, na hakuna aliyedhulumiwa. Hesabu ni sahihi, na dhuluma imo ndani yake. Kibarua hakupata kulipwa kwa fedha za Uingereza wala hakununua kitu London. Alinunua kitambaa cha marekani na chumvi katika duka la Mhindi kwa bei zilizopandishwa na vita, na kodi yake, ambayo kabla ilikuwa rupia tano, serikali ilikuwa imeiongeza hata ikafika shilingi 16. Alichokiona yeye ni kwamba rupia sita zimekuwa nne. Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika wa Nairobi, aliwakusanya watu juu ya mishahara hiyo, juu ya kodi na juu ya kipande, ile hati ya kazi aliyolazimishwa Mwafrika kuichukua, akakamatwa mwezi wa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo askari wakaupiga risasi umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Serikali ilitaja maiti 21; wengine walihesabu zaidi. Mwaka huo huo kodi ikapunguzwa mpaka shilingi 12.

Ni haki kutaja upande wa pili, maana wako wanaosema kwamba bila ya sarafu iliyofungwa na pauni mtaji usingalikuja. Mwezi wa Julai 1920 sehemu ya bara ya Kenya ilifanywa koloni, isipokuwa ule ukanda wa pwani uliobaki chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, na moja ya sababu ilikuwa kupata ruhusa ya kukopa katika soko la London kwa masharti ya makoloni. Mwaka uliofuata Kenya ikakopa pauni 5,000,000 kwa riba ya asilimia sita, na kutokana na fedha hizo zikajengwa gati za maji marefu Kilindini na reli ya Uasin Gishu, iliyofika Eldoret mwaka 1924. Mwenye mali wa London aliyenunua dhamana hizo hakuwa na wasiwasi wa kubadilishana fedha, kwa kuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa pauni moja leo na kesho. Amani hiyo ya moyo ilikuwa kitu cha thamani, na reli ile ingalipo. Lakini kwa kila shilingi iliyotolewa, Bodi ilitakiwa kuweka akiba ya pauni London, nazo zikatiwa katika dhamana za serikali za huko. Nchi iliyokopa kwa riba kubwa ilikuwa wakati huo huo ikimkopesha mkopeshaji wake, na mpaka mwaka 1955 ndipo Bodi iliporuhusiwa kutoa pauni 10,000,000 bila ya kuziwekea akiba huko, ili zitumike katika dhamana za serikali za Afrika Mashariki zenyewe.

Unguja ilidumu na rupia yake mpaka mwaka 1936, ilipoingia katika shilingi kwa kiwango cha shilingi moja na senti hamsini kwa rupia.

Mwaka 1966, baada ya uhuru, Bodi ilipisha njia, na benki kuu tatu zikafunguliwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mtihani haukuchelewa. Mwezi wa Novemba 1967 Uingereza ilishusha pauni kutoka dola 2.80 mpaka 2.40, na kwa mara ya kwanza tangu 1920 uamuzi wa kuifuata au kutoifuata ulikuwa wa watu wa hapa. Hawakuifuata. Shilingi ilibaki 7.14 kwa dola, pauni ikashuka kutoka shilingi 20 mpaka 17.14, na deni la pauni 1,000, lililokuwa shilingi 20,000 siku moja kabla, likawa shilingi 17,143. Hazina zilipumua. Wenye mashamba ya katani Tanga, ambao bei ya zao lao ilikuwa imekwisha kuanguka, walipata shilingi pungufu kwa kila tani iliyouzwa kwa pauni, nao wakaanza kupunguza watu.