Kituo, Karakana na Bei ya Ardhi: Tyseley na Vitongoji Jirani vya Birmingham

Bei ya nyumba hubeba thamani ya mambo yaliyo nje ya kuta zake: muda wa kufika kazini, hewa, kelele, shule, soko. Ndiyo maana barabara au reli ikijengwa, thamani hupanda au kushuka bila mwenye nyumba kugusa hata tofali. William Alonso, katika kitabu chake cha mwaka 1964, alionyesha kwamba kadiri kaya inavyookoa muda na nauli, ndivyo inavyokuwa tayari kulipia ardhi zaidi. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini haijibu swali jingine lenye uzito: faida hukiangukia kiwanja gani, na adha huachwa kwa nani? Tyseley, kusini-mashariki mwa Birmingham, inatoa jibu lililo wazi kuliko maeneo mengi.

Reli ya kampuni ya Great Western kati ya Birmingham na Oxford ilifunguliwa mwaka 1852. Ilipita Tyseley, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya parokia ya Yardley, kaunti ya Worcestershire. Treni hazikusimama hapo. Acocks Green, eneo linalopakana nayo, lilipata kituo mwaka huohuo, na watu wenye uwezo kutoka mjini wakaanza kujenga nyumba kubwa zenye bustani. Tyseley ilingoja kituo chake hadi 1906, miaka 54 baadaye. Reli ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa jukwaa la kupandia. Hapo ndipo makadirio mengi ya bei hukosea: hupima umbali wa kiwanja kutoka kwenye njia, ilhali mnunuzi hulipia umbali wa kufika mahali pa kuingilia. Anayeishi kando ya reli isiyo na kituo hupata mtetemo na kelele, basi.

Mwaka 1908 tawi la North Warwickshire lilianza kuchukua abiria kutoka Tyseley kuelekea kusini, likiwa na vituo katika maeneo kama Spring Road na Hall Green. Mwaka huohuo kampuni ilifungua Tyseley karakana kubwa ya injini za mvuke. Mradi mmoja ukazaa sura mbili. Hall Green ikawa mahali pa familia zinazotafuta utulivu na safari fupi ya mjini. Tyseley ikabeba mitambo iliyoiwezesha safari hiyo, pamoja na moshi wake. Hata hivyo, haitakuwa haki kusema ardhi ya Tyseley iliporomoka. Mfereji uliofika Birmingham kutoka Warwick mwishoni mwa karne ya 18, barabara ya Warwick na reli viliifanya iwafae wenye viwanda: Rover ilitengeneza gari lake dogo hapo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Reynolds mabomba ya chuma ya baiskeli. Kwa fundi asiye na nauli, kukaa karibu na lango la kiwanda kulikuwa na thamani yake. Bei ya ardhi ya viwanda na bei ya nyumba hazifuati mkondo mmoja, na takwimu inayozichanganya haimwambii mkazi lolote la maana.

Mgawanyo huo umedumu. Mtambo wa kuteketeza taka za jiji na kuzalisha umeme ulianza kazi Tyseley mwaka 1996. Taka hutoka kila pembe ya Birmingham na umeme huingia katika gridi, lakini malori hupita katika mitaa ya hapo. Mtambo huo unahitajika; jiji haliwezi kuishi bila mahali pa kupeleka taka zake. Lakini huduma ya wote inapowekwa mlangoni mwa wachache, punguzo la bei ya nyumba zao ni mchango ambao hawakuombwa ridhaa kuutoa.

Upande wa faida, Uingereza ilijaribu mapema kuirudisha kwa umma. Bajeti ya David Lloyd George ya mwaka 1909 ilileta kodi ya asilimia 20 juu ya ongezeko la thamani ya ardhi, ikihesabiwa kutoka thamani ya Aprili 30 mwaka huo. Uthamini wa nchi nzima ukawa mzigo mkubwa, wenye ardhi wakapinga, na kodi ikafutwa 1920. Ada ya miundombinu ambayo Birmingham ilianza kuitoza mwaka 2016 huwalenga wanaojenga upya. Mwenye nyumba ya zamani iliyopanda bei kwa sababu ya kituo kipya haimgusi.

Afrika Mashariki inalijua tatizo hili katika sura nyingine. Mradi wa mji mpya wa Kigamboni, jijini Dar es Salaam, ulipotangazwa mwaka 2008, uendelezaji wa viwanja ulizuiwa na wakazi wakakaa miaka bila kujua hatima yao. Daraja la kwenda Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016. Bei huitikia tangazo kabla ya zege, na mwenye habari za mapema hununua kwa asiyezijua. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma kisheria, lakini viwanja vingi vya pembezoni huuzwa kwa maandishi ya serikali ya mtaa, na kodi ya faida huwa vigumu kuifuatilia. Wazo la 1909 la kuweka tarehe moja ya kuthaminia bado lina nguvu, mradi tarehe hiyo itangulie tangazo la mradi.

Linalobaki ni wapangaji. Sheria ya Uingereza ya fidia ya ardhi ya mwaka 1973 inamruhusu mwenye nyumba kudai thamani iliyopotea kwa kelele, mtetemo, harufu au moshi wa kazi za umma kama barabara mpya. Mpangaji wa muda mfupi hana dai hilo, kwa kuwa nyumba si mali yake. Kituo kikifunguliwa, kodi ya pango humpandia; mtambo ukijengwa, yeye ndiye anayevuta hewa yake. Hesabu ya fidia na ya ada inayoishia kwenye hati za umiliki humwacha nje mkazi huyo pande zote mbili, na katika kitongoji cha viwanda chenye wapangaji wengi pengo hilo si dogo.