Pasipoti Isiyofungua Mlango

Historia ya nchi jirani ya Kenya ina funzo kubwa kuhusu kazi ya wakili wa uhamiaji. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kujaza fomu za viza na kungojea mhuri. Yaliyowapata Waasia wa Kenya yanathibitisha kuwa sivyo.

Kenya ilipopata uhuru mwezi Desemba 1963, wakazi wa aina hiyo walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara. Asiye raia alitakiwa kuwa na kibali cha kazi, na baadhi ya maeneo na bidhaa zikatengwa kwa wafanyabiashara raia. Taifa huru lilikuwa na haki ya kuweka uchumi wake mikononi mwa wananchi. Lakini je, nani alikuwa na wajibu kwa wale waliofungiwa maduka?

Uingereza, iliyotoa pasipoti hizo, ilifunga mlango. Muswada uliopitishwa kwa siku tatu tu ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968. Mwenye pasipoti asiye na mzazi wala babu mwenye asili ya Uingereza hakuweza tena kuingia kwa hiari yake. Zilitolewa vocha maalumu, mwanzoni 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia. Waliokwenda bila vocha walirushwa kama mpira kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine.

Hapo ndipo mawakili, miongoni mwao Anthony Lester, walipofikisha malalamiko ya watu 31 wa Afrika Mashariki mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mwaka 1973 Tume iliamua kwamba raia 25 kati yao walibaguliwa kwa rangi, na kwamba ubaguzi huo uliwadhalilisha utu wao. Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya ilifunga shauri mwaka 1977 bila kuitia Uingereza hatiani, na ripoti ikafichwa hadi 1994. Hata hivyo, walalamikaji walikuwa wamekwisha kuingia. Mwaka 2002 Bunge la Uingereza liliwapa waliosalia bila uraia mwingine haki ya kusajiliwa kuwa raia kamili.

Ni dhahiri basi kwamba asiyejua sheria husimama dirishani akiomba hisani. Wakili mwema humwezesha kudai haki.