Rusinga Ililipia Foleni ya Nyumba za Nairobi

Leonard Ndiege, mtu wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge lililokuwa la William Northrup McMillan huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Mwanawe, Tom Mboya, aliyekuja kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizaliwa huko tarehe 15 Agosti 1930. Makao ya mashamba ya walowezi yalikuwa sehemu ya kazi: kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha, na mtu anafunga virago kurudi ziwani. Historia ya foleni ya nyumba za serikali nchini Kenya haina budi kuanzia kwenye sharti hilo, ingawa kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya upungufu tu, yaani watu wengi, nyumba chache, fedha haba. Upungufu ulikuwepo, na hakuna anayeukana. Ninachoshikilia ni kwamba foleni iliweza kuwa ndefu, na kubaki ndefu kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kulikuwa na mahali pengine palipobeba gharama ya kungoja. Boma za Rusinga, Mfangano, Gwassi na kwingineko Nyanza Kusini ndizo zilizoibeba.

Nairobi ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kama mkono wa kazi, si kama mkazi. Kipande, kitambulisho cha kazi kilichoanza kutumika mwaka wa 1919, kilimfungamanisha mwanamume na mwajiri wake, na nyumba zilifuata mkondo huohuo. Wapangaji wa mji walipopima mahitaji ya makazi ya Waafrika walihesabu vitanda badala ya familia: chumba hiki kinatosha wanaume wangapi? Muthurwa na Makongeni zilikuwa za watu wa reli. Pumwani ilitengwa tangu miaka ya 1920 kwa wale waliojijengea wenyewe, na Shauri Moyo ikafuata. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa msaada wa mateka wa vita wa Kiitaliano, ulikuwa tofauti kwa kweli, maana ulibuniwa kwa ajili ya familia, wenye uwanja na ukumbi wake. Wajaluo waliupenda na wakaujaza. Lakini Kaloleni moja haikuweza kubadili hesabu ya mji mzima. Aliyekosa nafasi humo alilala kwa ndugu, akapanga kitanda katika chumba cha watu wanne au watano, akaendelea kungoja. Mkewe na watoto hawakuwa kwenye hesabu yoyote. Walikuwa kisiwani.

Hapo kisiwani ndipo panapostahili kutazamwa kwa karibu. Watu wa Rusinga ni Wasuba ambao kwa miaka mingi wamechukua lugha na desturi nyingi za Kijaluo, na boma yao, dala, hujengwa kwa utaratibu unaojulikana. Kijana hujengewa simba, kibanda chake karibu na lango la baba, na baadaye hutoka kuanzisha dala yake. Nyumba hiyo haikugharimu serikali hata senti moja. Mke aliyebaki alilima mtama, mahindi na muhogo kwenye ardhi ndogo yenye mawe na mvua za kubahatisha, akauza samaki, akatunza wakwe na wagonjwa, akapokea mume aliyechoka au kufutwa kazi. Vitu hivi vyote ni huduma za makazi. Zingefanywa Nairobi zingehitaji chumba cha pili, jiko, maji na kliniki, na mtu angelazimika kulipwa mshahara unaotosha kuvilipia.

Wakoloni wenyewe walikiri hivyo. Mgomo wa Mombasa wa mwaka wa 1939 ulidai, miongoni mwa mambo mengine, fedha za nyumba, na baadhi ya wafanyakazi wakazipata. Mwaka wa 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter, aliyekuwa kamishna wa kazi, ilisema bayana kwamba mshahara wa chini ulikuwa unapimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na familia, ikapendekeza upimwe kwa mahitaji ya familia na gharama ya kuiweka nyumbani mjini. Wakati huo Mboya alikuwa tayari ametoka kwenye kazi ya bwana afya wa manispaa ya Nairobi, kazi iliyompitisha katika vyumba na vyoo vya wakazi, na akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Sioni ajabu kwamba hoja ya mshahara wa familia ilipata sauti kwa mtu wa asili hiyo. Serikali ilikubali sehemu ya mapendekezo ya Carpenter, kisha utekelezaji ukaenda polepole.

Uhuru ulipofika, ungetarajia hesabu ibadilike. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa Bloomberg na Abrams ulichunguza makazi katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na mwaka wa 1967 Shirika la Taifa la Nyumba likaundwa. Nyumba za kaunsili ziliendelea kuwa na kodi nafuu kuliko soko, na kwa sababu hiyohiyo hazikurudi sokoni. Aliyekuwa na chumba Kaloleni au Shauri Moyo hakukiacha. Alikirithisha, au alikipangisha kwa mwingine kwa bei ya juu. Mradi wa Dandora ulioanza mwaka wa 1975 ulitoa viwanja 6,000 vyenye huduma, na wanaohitaji walikuwa wengi kuliko viwanja. Nyumba za kununua kwa mkopo, kama zile za Buruburu, zikaangukia tabaka la kati. Anayehitaji kupanga tu, kwa kodi anayoiweza, alibaki pale alipokuwa baba yake.

Kuna pingamizi mbili ninazozichukulia kwa uzito. Ya kwanza inasema boma ya kijijini ni matakwa ya watu wenyewe, si mzigo waliotwikwa. Kesi ya wakili S. M. Otieno hutajwa kama ushahidi: alikuwa na nyumba Nairobi, lakini baada ya miezi ya kesi mahakama iliamua mwaka wa 1987 azikwe Nyalgunga, Siaya. Mboya naye, alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, alizikwa Rusinga. Nakubali kwamba dala ina heshima ambayo nyumba ya kupanga haina. Lakini kupenda kuzikwa kwa baba si sawa na kukubali kuishi miaka 20 mbali na mke. Otieno alikuwa na familia yake pamoja naye mjini kwa sababu aliweza kuilipia. Desturi ilitoa mahali pa kurudi. Sera ndiyo iliyoamua nani aachwe huko.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi: fedha zilitoka mjini kwenda kisiwani, kwa hiyo Nairobi ndiyo iliyoisaidia Rusinga. Ni kweli kwamba mabati, karo na kodi ya serikali vililipwa kwa fedha hizo. Ila tuangalie zilikotoka. Zilitoka kwenye mshahara uliokuwa tayari umepunguzwa kwa dhana kwamba familia inajilisha yenyewe. Mwajiri aliyetoa chini ya gharama ya familia aliokoa fedha, na kilichotumwa nyumbani kilikuwa sehemu ya kilichopaswa kulipwa tangu mwanzo. Mama aliyelima na kubeba maji ziwani hakuonekana katika hesabu ya upande wowote.

Hata Marekani, ambako serikali husaidia kulipa kodi ya nyumba, takriban familia moja tu kati ya nne zinazostahili hupata msaada huo, na orodha hufungwa kwa miaka. Wanaongoja huko, hata hivyo, huonekana, kwa kuwa wamebanana mjini. Foleni ya Kenya ilifichika kwa kuwa wengi wa wanaoathirika hawakuwa mjini kabisa.

Katiba ya 2010, ibara ya 43, inamhakikishia kila mtu makazi yanayofikika na ya kutosha. Sheria ya Ajira ya 2007 bado inamtaka mwajiri atoe nyumba au fedha za kodi, kwa hiyo makazi yanaendelea kushikamana na ajira. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri akiongeza kiasi hicho, na mwombaji hujisajili kwenye jukwaa la Boma Yangu na kuweka akiba kwa nyumba atakayoinunua. Kijana wa Rusinga anayefanya kazi ya ulinzi Nairobi anakatwa fedha hizo kila mwezi, ilhali hitaji lake la sasa ni chumba cha kupanga kinachomtosha yeye, mke na watoto wawili. Sehemu ya tozo hiyo ingejenga nyumba za kupangisha tu, zigawiwe kwa orodha inayobandikwa wazi, yenye tarehe ya kila ombi na idadi ya watu wa familia, wakiwemo walioachwa Rusinga.