Gécamines 2003: kazi iliisha, mashine ya kushona ikabaki

Leo tuangalie Katanga: Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mahali ambapo watu wazima walipoteza kazi kwa maelfu.

Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mfanyakazi akae kambini na bibi yake na watoto. Ilitoa nyumba, unga, matibabu na shule. Wamama walikwenda "foyer" kufundishwa kushona na kutunza nyumba. Leta ilipotaifisha kampuni mwaka 1967 na Gécamines ikazaliwa, desturi iliendelea. Kazi ilikuwa ya baba; kushona kwa mama kulihesabiwa kama mapambo tu.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kufika 2003 hata tani 20,000 hazikupatikana, na mishahara haikulipwa miezi na miezi. Ndipo Leta, kwa pesa za Benki ya Dunia, ikaleta "départ volontaire". Watu zaidi ya 10,000 walisaini, wengi wakiwa wamefanya kazi miaka 25 na zaidi. Hiari gani, kwa mtu asiyelipwa mwaka mzima?

Pesa ilikuja kwa mkupuo. Madeni na ada za shule zilikula sehemu yake. Kuna walionunua gari kuukuu la teksi, wengine mashine ya kusaga mahindi. Lakini mashine zikiongezeka mtaani na wenye mahindi ni wale wale, nani atasaga? Na gari kuukuu halishibi vipuri.

Kazi ndogo ya nyumbani haikudai mengi hivyo. Fundi wa karakana alichomelea milango uani, ingawa umeme ukikatika alikaa bure. Mashine ya kushona ya kukanyaga haingoji umeme. Mama wa "foyer" aliiweka barazani. Mteja alileta kitambaa chake mwenyewe, kwa hiyo mtaji ulikuwa nyuzi, sindano na mafuta kidogo ya mashine. Kabla ya shule kufunguliwa Septemba alishona sare; miezi mingine alipunguza suruali, akafundisha mabinti wa jirani kwa malipo. Pesa ilikuwa kidogo, lakini sufuria ya bukari ilikwenda motoni. Baba aliyezoea kuleta posho sasa alimwomba bibi pesa ya sabuni, na hilo liliumiza nyumba nyingi kuliko njaa yenyewe.

Walioondoka bado wanadai kwamba hawakulipwa haki zao zote. Wengine wamekufa wakidai. Wajane wao ndio wanaofuatilia faili sasa.