Pampu ya Joto: Istilahi na Kazi Yake katika Kikaushio cha Nguo

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kuondoa maji katika nguo, na kila kimoja hutaja njia yake. Kukamua ni kuyatoa maji yakiwa bado maji, kwa kusokota au kubana. Kuanika ni kuitandaza nguo penye jua au upepo ili maji yaondoke yenyewe. Na kukausha ni kukifanya kitu kiwe kikavu kwa njia yoyote ile, ukiwemo moto. Mashine inayojadiliwa hapa, yaani ile ya umeme yenye pipa linalozunguka na hewa ya moto inayopita kati ya nguo, hufanya kazi ya kitenzi cha tatu, kwa hiyo jina lake linafaa litokane nacho. Madukani huitwa draya, ingawa neno hilo kwa wakazi wengi wa mijini humpeleka msikilizaji saluni kwanza, kwenye kifaa cha kukaushia nywele. Maafisa ugani wa Tanzania nao wamekwisha kulizoesha neno kaushio kwa vyombo vya kukaushia mboga na matunda kwa jua. Kikaushio cha nguo, kilichoundwa kwa kanuni ile ile iliyozaa kikaangio na kichujio, kinatosha, mradi neno nguo lisidondoshwe.

Ugumu wa istilahi hauko kwenye jina la mashine bali kwenye jina la mtambo uliomo ndani yake. Vikaushio vya umeme vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni vya aina tatu, na ile inayokula umeme kidogo kuliko zote ni ile yenye mtambo ambao kwa Kiswahili umeanza kuitwa pampu ya joto. Jina hilo linaweza kuonekana kama tafsiri ya haraka iliyobandikwa na waandishi wa vijitabu vya maelekezo, hasa kwa kuwa joto, kwa fikra za kawaida, si kitu cha kupampu. Hata hivyo, likipimwa kwa fizikia yenyewe, jina hilo ni sahihi kuliko majina yote yanayoweza kushindana nalo, na usahihi huo ndio unaoeleza kwa nini mashine moja idai umeme mara mbili au zaidi ya nyingine kwa kazi ile ile.

Hesabu ya kazi hiyo huanzia kwenye maji. Nguo za pamba zenye uzito wa kilo 8 zikiwa kavu, zikitoka katika mashine ya kufulia iliyozikamua kwa mwendo wa mizunguko 1,000 hivi kwa dakika, hubaki na maji yanayokaribia asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 4.8. Nguo za namna hiyo hazichuruziki tena, lakini bado ni mbichi, kama Waswahili wanavyosema juu ya nguo na kuni vilevile. Kuigeuza kilo moja ya maji hayo kuwa mvuke huhitaji kilojuli zipatazo 2,400, na joto linalotumika hapo huitwa joto fiche, kwa sababu halionekani kwenye kipimajoto: halipandishi halijoto ya maji bali huyabadili tu kutoka umaji kuwa mvuke. Kilo 4.8 kwa hiyo zinadai kilojuli 11,500 na ushei. Kilowatisaa moja, ambayo wenye mita za LUKU nchini Tanzania na wanunuzi wa tokeni nchini Kenya huiita uniti, ni kilojuli 3,600. Ukigawanya, unapata uniti 3.2, kabla ya kuhesabu joto linalopotea kwenye bati la mashine na umeme wa kulizungusha pipa. Hakuna ufundi wa koili ya kupashia hewa unaoweza kuishusha hesabu hiyo, kwa kuwa deni ni la maji yenyewe.

Aina ya kwanza ya kikaushio hulilipa deni hilo kwa kuitupa hewa nje. Hewa ya chumbani hupashwa na koili, hupita kwenye nguo, hubeba mvuke, kisha husukumwa nje ya nyumba kwa mpira mpana, ikiondoka na joto fiche lote. Aina ya pili haina mpira wa nje: hewa yenye mvuke hupozwa kwa hewa ya chumbani, mvuke hugeuka matone yanayokusanyika kwenye kitangi, na kitendo hicho cha mvuke kurudi kuwa maji, ambacho vitabu vya sayansi hukiita mtonesho, huliachilia joto fiche lile lile ndani ya chumba. Kikaushio cha mtonesho kwa hiyo hakipotezi joto kwa kulitupa barabarani. Hulipoteza kwa kumtoa jasho mwenye nyumba, na penye kiyoyozi, mwenye nyumba hulipa tena ili joto hilo liondolewe. Aina zote mbili, kwa mzigo wa kilo 8, hutumia takriban uniti 4 hadi 5.

Aina ya tatu hulirudisha joto hilo kazini, na hapa ndipo istilahi inapohitaji maelezo. Ndani ya kikaushio cha pampu ya joto mna mfumo uliofungwa wa mirija wenye kipoozi, kimiminika ambacho mafundi wa friji hukiita gesi tu kwa kuwa huchemka katika halijoto ya chini mno. Katika sehemu moja ya mirija, kipoozi huchemka na kufyonza joto kutoka kwenye hewa yenye mvuke iliyotoka kwenye nguo, hewa hiyo ikapoa na kudondosha maji. Kompresa hukibana kipoozi kilichokuwa mvuke, na kwa kubanwa huko kikawa cha moto zaidi kuliko hewa iliyokipasha. Kisha hupelekwa kwenye sehemu ya pili ya mirija, ambako huipasha hewa ile ile iliyokwisha kupoteza maji yake, na hewa hiyo huingia tena kwenye pipa. Kompresa haizalishi joto la kukaushia, bali hulitoa upande wa baridi na kulipeleka upande wa moto, na ndiyo maana uniti moja iliyotumiwa na kompresa huweza kuhamisha joto la uniti mbili, tatu au zaidi. Mzigo ule ule wa kilo 8 huishia kwenye uniti 1.5 hadi 2.

Jambo la kustaajabisha katika historia ya mtambo huu ni kwamba ulianza kwa kukausha, si kwa kupasha nyumba. William Thomson, mwanafizikia wa Glasgow aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza mwaka 1852 jinsi mashine ya kuhamisha joto inavyoweza kupasha majengo, lakini mtambo wa kwanza wa kufanya kazi ulijengwa na Peter von Rittinger, mhandisi wa Austria, katika kiwanda cha chumvi cha Ebensee kati ya mwaka 1856 na 1857. Rittinger aliuchukua mvuke uliotoka kwenye maji ya chumvi, akaubana hadi ukawa wa moto zaidi, kisha akaurudisha uyachemshe maji yale yale yaliyouzaa. Wachimbaji wa mabwawa ya chumvi wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, hawajapata kuhitaji hila hiyo, kwa kuwa jua la huko huifanya kazi yote bila ankara.

Kwa upande wa jina, Kiswahili kingeweza kuchagua njia nyingine tatu. Neno bomba lilitoka kwa Wareno likiwa na maana ya chombo cha kuvutia maji, kwa hiyo bomba la joto lingekuwa na asili nzuri. Lakini leo msomaji akisikia bomba hufikiri mfereji au neli, na vijana wa mjini walikwisha kulifanya sifa ya kitu kizuri. Kipandisha joto kingefahamika upesi, ila kingefahamika vibaya, kwa sababu hata koili ya birika hupandisha joto, na tofauti yote iliyoelezwa hapo juu ingefutika. Kihamisha joto ndicho mshindani wa kweli, kwa kuwa kuhamisha ndiko hasa kunakotendeka. Kasoro yake ni kwamba kila mahali pawapo mirija miwili inayopeana joto pana uhamishaji, hata pasipo kompresa, na wahandisi wanalihitaji jina la kitu hicho pia. Pampu ina siri ambayo maneno hayo hayana: maji hayapandi mlima yenyewe, yanapandishwa, na mtu aliyewahi kuona pampu ikiyatoa maji kisimani na kuyafikisha kwenye tangi la juu ya paa anajua kwamba mashine haikuyatengeneza maji, na kwamba ililipiwa umeme wa kuyapandisha tu. Joto vilevile haliendi lenyewe kutoka kwenye ubaridi kwenda kwenye umoto. Jina pampu ya joto hulisema jambo hilo zima kwa maneno mawili.

Istilahi ya pili inayomsumbua mnunuzi ni ufanisi wa nishati. Katika Kiswahili cha kila siku ufanisi ni kufana, yaani mambo kwenda vizuri, na mashine yenye ufanisi inaweza kueleweka kuwa mashine inayokausha vizuri tu. Mtaani husemwa kwamba kifaa hakili umeme, na kauli hiyo ni safi, isipokuwa haitofautishi mashine inayokula kidogo kwa sababu inabeba kidogo na ile inayokula kidogo kwa kila kilo ya nguo. Ufanisi wa nishati ni uwiano, kazi iliyofanyika ikilinganishwa na nishati iliyotumika, na ni uwiano huo unaopimwa na lebo za madaraja zinazobandikwa kwenye mashine. Umoja wa Ulaya ulibadili lebo yake ya vikaushio kuanzia tarehe 1 Julai 2025: madaraja ya zamani yaliyofika A+++ yalifutwa, yakaja ya A hadi G, na matumizi huandikwa kwa uniti za mizunguko 100 badala ya mwaka mmoja uliokadiriwa kuwa na mizunguko 160. Mashine iliyokuwa A+++ huweza kuonekana C bila kuharibika hata parafujo moja, na anayenunua mtumba ulioletwa kutoka Ulaya anapaswa kuangalia kwanza lebo ni ya mfumo upi. Tarehe hiyo hiyo Umoja huo uliweka kiwango ambacho vikaushio vya koili haviwezi kukifikia, hivi kwamba vipya vinavyoingizwa sokoni kule ni vya pampu ya joto. Uswisi ilikuwa imetangulia tangu 2012.

Hesabu ya mizunguko 100 ni nyepesi kuitumia. Ikiwa mashine ya koili hutumia uniti 450 na ya pampu ya joto 180, tofauti ni uniti 270, na kila mtu huizidisha kwa bei ya uniti ya kwake ili aone baada ya mizunguko mingapi bei kubwa ya dukani itajilipa. Kwa nyumba yenye kamba uani na jua la kutosha, ambayo ingeiwasha mashine katika wiki za masika tu, huenda isijilipe kabisa, na kamba ikabaki kuwa na ufanisi usioshindika. Kwa familia ya ghorofani Dubai, ambako manispaa hukataza kuanika nguo kwenye roshani inayoonekana, au kwa waishio penye baridi ya miezi mitano, hesabu huwa nyingine. Pampu ya joto pia ni ya polepole, kwani hewa yake haiwi ya moto sana, na mzigo huweza kuchukua saa mbili hadi tatu.

Gesi iliyomo nayo ina neno lake. Mashine nyingi za awali zilitumia R134a, ambayo kilo moja yake hupasha dunia mara 1,430 zaidi ya kilo ya kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na imo kati ya gesi ambazo Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yaliyokubaliwa Oktoba 2016, yanazipunguza. Nyingi za sasa hutumia R290, ambayo ni propani, ndugu ya gesi ya kupikia. Huwekwa kwa kiasi kidogo, lakini inawaka, na fundi anayeifungua sharti awe anajua alichokishika.

Kilichobaki ni kukamua, kwa maana kila tone linalotoka likiwa maji halidai joto fiche. Mashine ya kufulia inayozunguka mara 1,400 kwa dakika huiacha pamba ile ile na maji ya asilimia 50 hivi, yaani kilo 4 badala ya 4.8, kwa umeme mdogo mno ukilinganisha na ule wa kuzivukiza hizo gramu 800. Upande wa mwisho wa kazi una kihisi unyevu, ambacho hupima ubichi uliobaki na kuizima mashine, na vitufe vyake hutofautisha nguo kavu za kuwekwa kabatini na nguo za kupigwa pasi, ambazo huachiwa maji ya asilimia 12 hivi. Mwenye kubonyeza kitufe cha kabatini kwa mashati yanayongoja pasi hulipa uniti ili kuutoa ubichi ambao dobi ataurudisha kwa kunyunyiza maji.