Mtoro bin Mwinyi Bakari na Istilahi ya "Mtoa Habari"

Katika orodha za istilahi za isimu lipo neno ambalo aghalabu hupitishwa bila mjadala, nalo ni "mtoa habari". Maana yake ni mzawa wa lugha anayemsaidia mtafiti mgeni kuijua lugha hiyo. Kisarufi neno halina kasoro, ingawa polisi nao wanalo, kwa maana yao. Mimi mwenyewe nimelipitisha zaidi ya mara moja. Shaka iliniingia nilipoanza kusoma habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye vitabu vingi humtaja kwa cheo hicho na kuishia hapo.

Mwaka 1887 ilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha mji huo. Haja yake ilikuwa ya kiserikali. Ujerumani ilikwisha kujitwalia nchi katika Afrika Mashariki, na ilitaka maafisa, wafanyabiashara na wamisionari wake wajue Kiswahili kabla hawajapanda meli. Utaratibu wa masomo ulikuwa wa watu wawili. Mwalimu Mjerumani, aliyeitwa Lehrer, alieleza sarufi. Kando yake alikaa mzawa wa lugha, aliyeitwa Lektor, ambaye kazi yake ilikuwa matamshi, mazungumzo na kusomesha maandishi. Sleman bin Said aliishika nafasi hiyo tangu 1889 hadi 1891, akafuatwa na Amur bin Nasur aliyekaa hadi 1895. Amur hakuridhika na kutamka maneno ili wengine wayaige. Aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake katika mji ule, na C. G. Büttner, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili hapo, aliyachapisha maandishi yake katika mkusanyo wa mwaka 1894.

Mtoro aliwasili mwaka 1900, akiwa tayari mtu mwenye elimu ya dini. Aliyefanya naye kazi alikuwa Carl Velten, ambaye kabla ya kufundisha Berlin alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku kwetu. Mwaka 1903 Velten alitoa kule Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jalada lina jina la Velten. Naye alifanya kazi kubwa ya kukusanya na kuhariri, haifai kumnyima haki yake. Lakini sehemu kubwa ya maandishi yenyewe ni ya Mtoro. Msomaji akiyapitia yale yanayohusu malezi, jando, ndoa, pepo au utumwa ataona kwamba maneno kama kungwi na jumbe hayakutolewa kama majibu ya maswali ya mgeni. Yamo ndani ya sentensi za mtu anayeamua mwenyewe aanze na lipi, afafanue lipi, na lipi aliache. Kwa mwanaistilahi tofauti hiyo ni kubwa. Neno lililookotwa kwa kuulizwa huja peke yake, hali neno lililoandikwa na mwenyewe huja na jirani zake, na hao ndio wanaotufunza matumizi.

Wakati Wajerumani wakijifunza Kiswahili kwake, Mtoro naye alikuwa akiishi katika lugha yao. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata aliacha kazi Seminarini, baada ya baadhi ya wanafunzi kukataa kufundishwa na Mwafrika. Akafunga safari ya kurudi na mkewe. Walipofika Dar es Salaam, mke alizuiwa kushuka, ikabidi wote wawili warejee Ulaya. Mwaka 1906 ndoa za namna ile zilipigwa marufuku katika koloni. Watawala walikitaka Kiswahili cha Mtoro, wala hawakuona haya kumzuia yeye asikae kwao na mkewe. Tangu 1909 hadi 1913 alifanya kazi Hamburg pamoja na Carl Meinhof, tena kwa cheo cha msaidizi. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Inafaa hapa kumkumbuka Salme binti Said, mzaliwa wa Unguja, ambaye ndoa ndiyo iliyomtia katika Kijerumani. Aliolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Heinrich Ruete, akahamia Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akafa na kumwachia watoto watatu wadogo. Lugha aliyoipata kwa maisha ya nyumbani na kwa dhiki ya ujane ndiyo aliyoiandikia kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886 kwa jina lake. Sijapata kuona mtu akimwita Salme mtoa habari. Bila shaka ukoo wa kifalme ulimsaidia. Lakini kubwa zaidi ni kwamba jina lake lilikuwa juu ya jalada.

Kwa hiyo naleta pendekezo, ili wafasiri na walimu walijadili. "Mtoa habari" libaki kwa yule anayejibu maswali ya mtafiti, basi. Aliyeandika maandishi ambayo mwingine aliyahariri aitwe "mwandishi", na wakiwa wameandika pamoja, "mwandishi mwenza". Lektor wa Seminari ya Berlin afasiriwe "mwalimu mzawa", si "msaidizi", kwa kuwa alifundisha. Wakutubi nao watazame upya kadi zao. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Desturi, iliyofanywa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1981, ililitia jina la Mtoro katika anwani yenyewe. Katika kadi niliyoiona mimi, ya toleo la 1903, mwandishi bado ni Velten peke yake.